Laptopu ya Zamani Imekata Sauti: Mwongozo Kamili wa Kufanya Kabla Hujapiga Windows Upya

Swali ni lilelile, linabadilika jina la laptopu tu: HP ya mtumba kutoka Kariakoo, Dell iliyotoka ofisini, ThinkPad ya mwanafunzi pale Mlimani. Sauti imekata. Anayeuliza ameshapiga Windows upya, yaani ameifuta na kuiweka tena, pengine zaidi ya mara moja, picha na kazi za chuo zimekwenda na maji, na laptopu bado bubu.

Kupiga Windows kunatibu tatizo la programu, basi. Kama chuma kidogo ndani ya tundu la hedifoni kimekwama, hata upige Windows kumi hakitakwamuka. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza kwa kutafuta sauti inakatikia wapi, halafu ndipo tunarekebisha. Fuata hatua kwa mpangilio wake hata kama unahisi jibu unalo. Hatua za mwanzo hazina gharama wala hazihitaji bando.

Maelezo yanafaa kwa Windows 7 mpaka 11. Majina ya vitufe nimeyaacha kwa Kiingereza kama yanavyoonekana kwenye skrini ili usipotee.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Hedifoni za waya zenye pini ya kawaida ya milimita 3.5. Zijaribu kwanza kwenye simu au redio. Ukitumia hedifoni mbovu, majibu yote ya mbele yatakuwa ya uongo.
- Chaja inayofanya kazi. Laptopu nyingi za zamani betri zake zimekufa, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kuweka draiva (programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa kama chipu ya sauti), unaweza kuishia na tatizo kubwa kuliko ulilonalo. Kama mtaani kwenu umeme unasumbua siku hiyo, hatua za draiva ziache mpaka utulie.
- Flashi ya gigabaiti 8 au zaidi, isiyo na kitu unachokihitaji, maana itafutwa yote.
- Alkoholi ya isopropili, asilimia 90 na kuendelea. Mafundi simu huitumia kusafishia bodi, kwa hiyo waulize wao wanainunua wapi. Manukato na maji havifai.
- Vijiti vya meno vyembamba na tochi ya simu.
- Karatasi na kalamu. Utaandika majibu ya kila jaribio, na karatasi hiyo ndiyo itakayokuokoa mbele ya fundi.
- Bisibisi ndogo na mita ya umeme, kwa atakayefika hatua ya kufungua tu.

Kabla ya yote, nakili mafaili yako muhimu kwenye diski au flashi nyingine. Hakuna hatua hapa inayofuta mafaili ya ndani ya laptopu, lakini laptopu ya zamani ina diski ya zamani.

## Hatua ya 1: Ristati, usizime

Bofya "Restart". Usibofye "Shut down" ukadhani ni kitu kimoja.

Sababu yake ni hii: tangu Windows 8, ukizima kwa "Shut down" kompyuta kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili kesho iwake haraka. Draiva iliyokwama leo inaamka kesho ikiwa imekwama vilevile. "Restart" inaanza upya kabisa.

Kama betri inatoka kwa nje, fanya na hili: zima, chomoa chaja, toa betri, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Umeme uliobaki kwenye saketi unaisha, na chipu ya sauti iliyoganda inapata kuanza upya. Rudisha betri, washa.

Kujaribu sauti usitumie YouTube. Fungua folda ya C:\Windows\Media, ndani yake kuna milio ya Windows yenyewe. Bofya "tada" au "chimes". Mlio huu hautegemei intaneti wala kivinjari, kwa hiyo usiposikika unajua kosa haliko huko.

Imefanikiwa kama: umesikia mlio kutoka kwenye spika. Nenda moja kwa moja kwenye hatua ya mwisho.

## Hatua ya 2: Vitufe na magurudumu

Hii ni ya haraka. Angalia kitufe chenye picha ya spika iliyokatwa mstari. Kwenye HP nyingi kina taa yake: ikiwaka nyekundu au ya machungwa, sauti imezimwa. ThinkPad zina kitufe cha kuzima sauti juu ya kibodi, na mtoto akikigusa huwezi kujua mpaka uangalie. Toshiba za zamani zina gurudumu la sauti pembeni au mbele, na linaweza kuwa limezungushwa hadi sifuri huku Windows ikionyesha asilimia 100.

Kisha shika kitufe cha Windows pamoja na R, andika sndvol, bonyeza Enter. Hapo utaona kila programu na sauti yake. Programu moja ikiwa imezimwa hapo, nyingine zinalia na hiyo tu iko kimya.

## Hatua ya 3: Tazama mistari ya kijani

Windows na R tena, andika mmsys.cpl. Linafunguka dirisha lenye "Playback" na orodha ya vifaa vya sauti. Bofya kulia sehemu iliyo wazi, weka tiki kwenye "Show Disabled Devices". Sasa vifaa vyote vinaonekana, hata vilivyozimwa.

Ukiwa umeliacha dirisha hilo wazi, cheza wimbo wowote ulio ndani ya laptopu. Pembeni ya kifaa chenye tiki ya kijani kuna mistari midogo iliyosimama. Itazame kwa makini. Fundi bomba hufuata maji kutoka kwenye mita hadi kwenye koki, akiona yamefika wapi na yamekatikia wapi. Wewe nawe unafanya hivyo hivyo kwa sauti, na mistari hii ndiyo mita yako. Kuna majibu matatu:

A. Mistari inapanda na kushuka, lakini hakuna unachosikia. Windows inatuma sauti. Kwanza angalia inaituma wapi. Kama tiki iko kwenye jina la TV, projekta, HDMI (waya wa kupeleka picha na sauti kwenye TV) au hedifoni za Bluetooth, umempata mwizi. Hutokea sana baada ya kufanya prezentesheni chuoni au kuunganisha laptopu kwenye TV sebuleni: unachomoa waya, laptopu inabaki na mazoea. Bofya "Speakers", kisha "Set Default". Zima na Bluetooth, kwa sababu hedifoni zilizoko kwenye droo chumba cha pili zinaweza kuwa zimejiunganisha zenyewe. Kama tiki ilikuwa kwenye "Speakers" tayari na bado kimya, nenda hatua ya 4.

B. Mistari imelala tuli. Sauti haijatoka hata kwenye programu. Nenda hatua ya 5.

C. "Speakers" haimo kabisa kwenye orodha, au alama ya sauti chini ya skrini ina msalaba mwekundu. Windows haiioni chipu ya sauti, au haina draiva yake. Nenda hatua ya 6.

Andika herufi yako kwenye karatasi.

## Hatua ya 4: Jaribio la hedifoni

Hili ni jaribio la dakika moja, na ndilo linalorukwa na watu wengi zaidi. Chomeka hedifoni za waya, zisukume mpaka mwisho kabisa, cheza mlio.

Zikilia, shangilia kidogo: chipu ya sauti ni nzima, na Windows inatuma sauti. Kosa mara nyingi liko kwenye tundu la hedifoni, kwenye spika zenyewe, au kwenye waya unaozifikia. Nenda hatua ya 7, na mtu akikuambia Windows ipigwe upya, mkatalie kwa upole.

Zikiwa kimya, tatizo liko juu zaidi, kwenye programu au chipu. Endelea na hatua ya 5.

Zikilia upande mmoja, au sauti ikija na kukata ukizungusha pini, tundu limechakaa. Hatua ya 7.

Tahadhari moja: usifanye jaribio hili kwa TV, kwa hedifoni za Bluetooth wala za USB. Sauti ya HDMI hupitia upande wa skrini, na ya Bluetooth na USB hupitia kwenye chipu zao zenyewe. Zote zinaweza kulia vizuri kabisa huku chipu ya sauti ya laptopu imekufa, nawe ukadanganyika kuwa iko hai.

## Hatua ya 5: Huduma za sauti za Windows

Windows na R, andika services.msc. Tafuta "Windows Audio" na "Windows Audio Endpoint Builder". Zote mbili ziwe "Running" na "Automatic". Kama mojawapo imesimama, bofya kulia, "Start". Kama zinaonekana sawa, bofya kulia "Windows Audio Endpoint Builder", chagua "Restart", ukubali iwashe na mwenzake.

Rudi mmsys.cpl, bofya "Speakers", kisha "Properties". Kwenye "Enhancements" weka tiki ya "Disable all enhancements" kama ipo. Kwenye "Advanced" chagua biti 16, 44100 Hz au 48000 Hz. Mapambo ya sauti yaliyowekwa na kampuni ya laptopu wakati mwingine huleta ugomvi baada ya Windows kujisasisha.

Imefanikiwa kama: mistari ya kijani inatembea. Ikitembea bila sauti, fanya hatua ya 4. Kama umeshaifanya na hedifoni zilikuwa kimya, au mistari bado imelala, nenda hatua ya 6.

## Hatua ya 6: Draiva

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu wanapoharibu. Kwanza weka njia ya kurudi: tafuta "Create a restore point" kwenye menyu ya Start, washa ulinzi wa diski C kama umezimwa, bofya "Create".

Sasa Windows na R, andika devmgmt.msc. Fungua "Sound, video and game controllers".

Ukiona jina la chipu kama Realtek, Conexant, IDT au Cirrus Logic, bila alama yoyote ya njano, draiva ipo na inafanya kazi kadiri Windows inavyojua. Kama sauti ilikata baada ya Windows kujisasisha, bofya kulia, "Properties", "Driver", kisha "Roll Back Driver". Kitufe hicho kikiwa kimefifia, hakuna draiva ya kurudia.

Ukiona alama ya njano, bofya mara mbili usome namba. Code 28 maana yake draiva haijawekwa. Code 10 maana yake kifaa kimeshindwa kuanza, na mara nyingi draiva iliyopo siyo yake.

Ukiona "High Definition Audio Device" peke yake, hiyo ni draiva ya jumla ya Microsoft. Laptopu nyingi hulia nayo bila shida, ila zipo zinazohitaji draiva yake halisi ndipo spika za ndani zizinduke.

Hali ya nne ndiyo inayodanganya: unaona "Intel Display Audio", au jina la AMD au NVIDIA, na hakuna kingine. Mtu anasema, mbona draiva ya sauti ipo? Hiyo ni ya HDMI. Ya spika haimo. Ukithibitisha kuwa haimo hata chini ya "Other devices", fanya hatua ya 8 kabla ya kuhangaika na draiva, kwa sababu huenda chipu haionekani kabisa.

### Ijue chipu yako kwa hakika

Bofya kulia kifaa cha sauti, "Properties", "Details", kisha chagua "Hardware Ids". Utaona mstari mrefu unaoanza na HDAUDIO. Tafuta herufi VEN na namba zinazofuata:

- VEN_10EC ni Realtek
- VEN_14F1 ni Conexant
- VEN_111D ni IDT
- VEN_1013 ni Cirrus Logic
- VEN_8086 ni Intel, yaani ile ya HDMI

Andika. Anayekuuzia au kukupa draiva ya Realtek wakati yako ni 14F1 anakupotezea bando.

### Kuiweka draiva

Ondoa iliyopo kwanza. Bofya kulia, "Uninstall device", weka tiki ya kufuta na programu yake, kisha "Restart". Windows ikiwaka itaweka draiva ya jumla yenyewe. Jaribu sauti hapo hapo, kabla hujapakua chochote. Wengi wanapona hapa.

Ikikataa, pakua draiva kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu. Jina kamili la laptopu unalipata kwa kuandika msinfo32 kwenye Windows na R, mstari wa "System Model". Dell zina "Service Tag" ya herufi na namba 7, imebandikwa chini ya laptopu. Kwenye "System Type" angalia: x64 inahitaji draiva ya biti 64, na ya biti 32 haitaingia.

Usitumie programu zinazojitangaza kuwa zitakutafutia draiva zote kwa mpigo. Zinakula bando, zinaleta matangazo na programu usizoziomba, na mara kwa mara zinaweka draiva ya laptopu nyingine kabisa.

Kama kampuni haikutoa draiva ya Windows 10 kwa laptopu yako, chukua ya Windows 8.1 au 7. Mara nyingi inakubali. Bofya kulia faili la kuweka, "Properties", "Compatibility", chagua Windows ya zamani, kisha liendeshe.

Neno kwa waliohamia Windows 11: msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na wapo wanaolazimisha Windows 11 kwenye laptopu zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 4 au cha 5. Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache mno. Kampuni hazikutengeneza draiva za sauti za Windows 11 kwa mashine hizo, kwa hiyo draiva ya jumla au ya Windows 10 ndiyo tegemeo lako.

Imefanikiwa kama: "Speakers" imerudi kwenye mmsys.cpl, na ukibofya "Test" unasikia mlio kushoto, kisha kulia.

## Hatua ya 7: Tundu la hedifoni

Kwa jiji letu, hapa pasome pole pole. Ndani ya tundu kuna vyuma vyembamba vyenye mnyumbuko. Pini ikiingia, kimoja kinasukumwa pembeni, laptopu inaelewa kuwa hedifoni zimechomekwa, inazima spika. Pini ikitoka, chuma kinarudi mahali pake na spika zinafunguka.

Sasa weka hapo unyevunyevu wa Dar es Salaam, hewa ya chumvi kwa walioko Kigamboni, Msasani au Kunduchi, vumbi la begi, na miaka kumi ya kuchomeka na kuchomoa. Chuma kinashika kutu au kinachoka, hakirudi. Laptopu inaendelea kuamini kuwa hedifoni zipo. Dalili zake ndizo hizi: hedifoni zinalia, spika kimya, na kwenye laptopu nyingine ukiweka mshale juu ya alama ya sauti inasoma "Headphones" wakati hujachomeka kitu.

1. Mulika ndani kwa tochi. Ukiona ncha ya pini iliyovunjikia humo, acha. Usiichokonoe kwa sindano, utakunja vyuma. Hiyo ni ya fundi.

2. Chomeka pini ya hedifoni na kuichomoa kama mara 20, ukiizungusha kidogo kila ikiwa ndani. Msuguano unakwangua kutu nyepesi. Jaribu sauti.

3. Ikikataa, zima laptopu, chomoa chaja, toa betri kama inatoka. Chovya pini ya hedifoni kwenye isopropili, ikung'ute isidondoshe, ingiza na kuzungusha. Rudia mara chache, ukiifuta pini kila ikitoka. Utaona uchafu wa kahawia au wa kijani kwenye kitambaa, na huo wa kijani ni kutu ya shaba.

4. Laza laptopu ubavu ili tundu liangalie chini, iache nusu saa ikauke kabisa. Usiiwashe mapema.

Kijiti cha meno ni cha kutolea nyuzi za begi zilizojikunja ndani, kiingie kidogo na kwa wepesi. Usizungushie pamba, itabaki humo.

Imefanikiwa kama: spika zinalia bila hedifoni, zinanyamaza ukichomeka, zinalia tena ukichomoa. Zikilia mara moja kisha zikanyamaza siku ya pili, chuma kimechoka na tundu litahitaji kubadilishwa.

## Hatua ya 8: BIOS na flashi ya Linux

Kabla ya kufungua laptopu au kupiga Windows, fanya jaribio hili. Linaamua kesi kati ya programu na kifaa.

Anza na BIOS, yaani mipangilio ya laptopu yenyewe inayoamka kabla ya Windows. Ristati, bonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad, mara tu nembo inapotokea. Tafuta sehemu yenye neno "Audio" na uhakikishe ni "Enabled". Laptopu zilizotoka maofisini wakati mwingine sauti ilizimwa humo makusudi, na hakuna draiva itakayoiwasha. Usiguse kingine. Hifadhi, toka.

Kisha Linux, mfumo wa bure unaoweza kuwaka kutoka kwenye flashi badala ya Windows. Pakua Linux Mint au Ubuntu. Ni faili la gigabaiti kadhaa, kwa hiyo tumia Wi-Fi ya chuo au ya ofisi, au muombe rafiki mwenye flashi iliyo tayari. Iandike kwenye flashi kwa programu iitwayo Rufus. Ristati, fungua menyu ya kuwashia: F9 kwa HP, F12 kwa Dell na Lenovo, Esc kwa Asus. Chagua flashi.

Tahadhari kubwa: kwa Ubuntu chagua "Try", usiguse "Install". Linux itafanya kazi kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Ukibofya "Install" kwa pupa, unaweza kufuta kila kitu.

Cheza sauti yoyote. Spika zikilia, vifaa vyako ni vizima. Windows au draiva ndiyo yenye kosa, na hapo sasa, kama hatua ya 6 imeshindikana, kupiga Windows upya kuna maana.

Zikiwa kimya, fungua "Terminal" (dirisha la kuandikia amri), andika alsamixer, bonyeza Enter. Bonyeza F6, chagua kadi isiyo na neno HDMI. Nguzo zenye "MM" chini zimezimwa, zifungue kwa herufi M. Kisha nenda kulia kwa mshale mpaka uione "Auto-Mute Mode". Kama ipo, ibadilishe iwe "Disabled" kwa mshale wa chini au wa juu.

Hapa kuna jibu linalostahili kuandikwa kwa herufi kubwa: kama spika zinalia baada ya kuzima "Auto-Mute", basi spika ni nzima, chipu ni nzima, na tundu la hedifoni ndilo linaloidanganya laptopu. Umepata ugonjwa bila kufungua skrubu hata moja.

Kama hakuna kadi ya sauti zaidi ya HDMI, hata kwenye Linux, na BIOS imeruhusu sauti, chipu haionekani. Hilo ni la ubao mama, ile bodi kuu ya laptopu.

## Hatua ya 9: Kufungua, au kwenda kwa fundi

Jiulize kwanza: kabla sauti haijakata, laptopu ilifunguliwa? Ilibadilishwa kibodi au kusafishwa feni? Kama ndiyo, shuku waya wa spika. Una soketi ndogo kuliko punje ya mchele, na fundi mwenye haraka anaweza kufunga laptopu bila kuurudisha. Spika mbili kufa kwa siku moja ni nadra. Waya mmoja kusahaulika si nadra.

Ukifungua mwenyewe, ondoa betri kwanza. Betri ikiwa imevimba usiibonyeze wala kuitoboa, mpe fundi. Chomoa soketi ya spika, weka mita kwenye ohm, pima kila spika. Ya ohm 4 au 8 itasoma karibu na namba hiyo. Mita ikionyesha OL, au 1 peke yake kushoto kwa zile mita za bei nafuu, spika imekatika ndani.

Usipofungua, nenda kwa fundi na karatasi yako. Ukifika ukasema "haina sauti", jibu la haraka ni moja:

"Tupige Windows tu, dada. Iache, uje jioni."

Sema hivi badala yake: "Fundi, hedifoni zinalia, spika hazilii. Kwenye Linux nimezima Auto-Mute, spika zikalia. Naomba uniangalizie tundu la hedifoni, Windows usiiguse."

Fundi mzuri atafurahi, umemwokolea nusu ya kazi. Muulize kama kwenye modeli yako tundu liko kwenye ubao mdogo wa pembeni au kwenye ubao mama. Likiwa kwenye ubao mdogo, mara nyingi pamoja na tundu za USB, hubadilishwa wote kwa kuchomoa utepe tu. Likiwa kwenye ubao mama linahitaji kuchomelewa, na bei lazima iwe tofauti. Kubalianeni kabla hajafungua, na uombe kuliona tundu la zamani baada ya kazi.

Kama chipu yenyewe imekufa, mimi sishauri kubadilisha ubao mama wa laptopu ya zamani kwa sababu ya sauti tu. Nunua kadi ya sauti ya USB, kile kidude kidogo chenye tundu la hedifoni na la maiki. Windows inaitambua bila draiva. Ichomeke, nenda mmsys.cpl, ifanye "Set Default", unganisha spika ndogo za waya. Kwa darasa la mtandaoni, mikutano na muziki inatosha kabisa.

## Hatua ya 10: Hakikisha imepona

Usiishie kwenye wimbo mmoja. Ristati, jaribu. Chomeka na kuchomoa hedifoni mara tatu, jaribu. Funga laptopu ilale dakika kumi, fungua, jaribu. Mwisho izime kabisa usiku, iwashe asubuhi.

Ikipoteza sauti baada ya kulala tu, rudi hatua ya 6: draiva haiamki vizuri, na ile ya jumla ya Microsoft huwa mtulivu zaidi. Kuihamia, bofya kulia kifaa, "Update driver", "Browse my computer for drivers", "Let me pick from a list", kisha chagua "High Definition Audio Device". Ikipoteza baada ya kuchomoa hedifoni, rudi hatua ya 7. Ikipoteza unapoinyanyua au kufungua mfuniko, kuna waya uliolegea, na hiyo ni hatua ya 9.